Mkutano wa Mwanga Mtaani kwa Bi. Mwajuma

Nilipofika Ujiji kumzika Bi. Mwajuma nilikuta ameshazikwa. Ningepaswa kulijua hilo mapema, maana nimeishi na Waislamu kiasi cha kutosha kuelewa kwamba maiti haisubiri treni, sembuse treni yetu inayofika Kigoma pale inapojisikia. Kwa hiyo nilikuta mkeka, wanawake, na sufuria la pilau linapakuliwa uani. Wakanisogezea nafasi ukutani, wakaambiana kwa sauti ambayo walidhani siisikii kwamba huyu ndiye yule mwalimu aliyepanga chumba cha uani zamani, na kwamba amezeeka. Kisha mmoja wao, jirani wa miaka mingi, akaanza kusimulia habari za mwaka ule wa kipindupindu. "Mtaa huu hakufa mtu," alisema. "Nyuma kule wanazika, mbele kule wanazika, sisi tunasikia vilio tu. Ni Bi. Mwajuma na chupa yake." Wenzake wakaitikia, na mimi nikaitikia, kwa sababu ni kweli. Lakini mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote hawezi kusikia habari ya kitu kilichopatikana bila kujiuliza kilitoka wapi. Yupo mtu mwingine aliyeulipia mtaa ule, na pale mkekani hakuna aliyemtaja kwa kuwa hakuna aliyemjua. Nadhani sasa nimebaki mimi tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, miaka ya wakimbizi. Upande wa Burundi watu walikuwa wakiingia kwa miguu na kupakiwa kwenye malori kuelekea makambi ya Kasulu, na kutoka Kongo walivuka ziwa kwa maboti yaliyojaa hadi maji yanachungulia ndani. Mjini Kigoma magari meupe ya mashirika yalijaa kila mahali, na nyumba za wageni zote zilikuwa zimekodiwa na watu wa mashirika hayohayo, hata ile iliyojulikana kwa kunguni. Sokoni yaliuzwa mablanketi ya kijivu ambayo kila mtu alijua yametoka wapi na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, nimepangiwa sekondari pale kutoka mbali, sina mume wala kitanda. Bi. Mwajuma alinipa vyote viwili kwa mpigo mmoja, yaani kitanda mara moja na ahadi ya mume baadaye. Chumba changu kilikuwa uani, baina ya jiko na bafu, chenye dirisha dogo lililoingiza moshi wa kuni na mazungumzo yote ya nyumba. Asubuhi nilikula maandazi na chai ya tangawizi, jioni ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, na katikati nilikula maneno yake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili.

Kipindupindu kilipoingia, ofisi ya afya iliteua mtu mmoja kila mtaa kugawa dawa ya maji, na kwetu wakamteua yeye. Aliichukulia kazi ile kama ameteuliwa waziri. Kila asubuhi alitoka na chupa ya klorini na kifuniko cha kupimia, akaingia nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi ya pili, akafunua mitungi, madumu na ndoo, akatia, akakoroga, akaondoka. Amri ilikuwa kwamba maji yasiyotiwa dawa yasilale ndani ya nyumba yoyote. Tatizo lilikuwa watu. Mtaa mzima ulikuwa umeambiwa, na sikuwahi kujua nani alianza, kwamba dawa ile inafunga uzazi. Kwamba wazungu wameona tumezidi, sisi na wakimbizi, wakaamua kutupunguza polepole kupitia mtungi. Wanaume waliisema barazani, wanawake waliisema kisimani. Baadhi walimsubiri Bi. Mwajuma apite, wakamwaga maji nyuma yake. Alilijua hilo na lilimuuma. "Mimi nimezaa saba," aliwahi kuniambia huku akikuna nazi, "nitafunga uzazi wa nani?"

Katikati ya mambo hayo ndipo ukaja mkutano wa mwanga. Nikiwasimulia watu leo hawaamini, lakini wanasayansi walikuwa wamepanga tangu zamani kukutana Kigoma kuzungumzia leza na namna mwanga unavyopita ndani ya maji, kwa sababu maji ya ziwa letu ni miongoni mwa maangavu kuliko yote duniani, na sahani nyeupe ukiizamisha mbali na ufuko unaendelea kuiona hadi unachoka kuachia kamba. Wakimbizi hawakuwamo kwenye mipango yao. Wengi waliogopa wakajitoa. Waliobaki walifika kwa treni wakiwa na masanduku yao, wakakuta mjini hakuna hata kitanda kimoja, na Profesa Kiango wa Dar es Salaam, aliyekuwa mwenyekiti wao, akaja shuleni kwetu amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilimpeleka kwa Bi. Mwajuma. Hakuuliza leza ni kitu gani. Aliuliza wanakula pilipili au hawali, kisha akawahamisha wanawe na wajukuu wakalale kwa majirani. Ukumbi wa shule tukaugeuza chumba cha giza kwa kupigilia madirishani mablanketi ya kijivu ya sokoni. Wageni walishangaa yalivyozuia mwanga vizuri. Sikuwaeleza yalikotoka.

Salvatori, mkimbizi wa Burundi, alikuja na lori la kambi lililomshusha njiani, Kidahwe, akamalizia kwa miguu na lifti ya baiskeli. Alikuwa amefundisha elimu ya mwanga katika chuo kikuu cha Bujumbura, mwembamba, mwenye koti lililokuwa zuri zamani, na Kiswahili cha kupimapima kilichochanganyika na Kirundi. Alisikia habari za mkutano kambini, redioni, akaomba kibali cha kutoka kwa siku za mkutano tu. Bi. Mwajuma alimwamkua kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia huku uso umemfunguka, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Tangu hapo akawa mwanawe. Kilichomleta kilikuwa wazi na hakukificha. Profesa Kiango alikuwa anafungua maabara ya leza, ana nafasi ya mtafiti mmoja, na alikuwa ametangaza kwamba atamchagua papo hapo miongoni mwa watakaowasilisha kazi zao. Kwa Salvatori nafasi ile maana yake ilikuwa kutoka kambini na mkewe, kuishi ndani ya nyumba yenye mlango, kurudia kazi. Bila hiyo alikuwa na hema na foleni ya mahindi. Aliniambia hivyo siku ya kwanza kwa utulivu, kama anayenisomea matokeo ya jaribio.

Alichotaka kuonyesha kilikuwa kizuri mno. Ndani ya maji ya ziwa mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mwani ambao samaki wote wanautegemea. Ukiumulika kwa mwanga wa buluu wa leza, mwani ulio hai hujibu kwa kung'aa mwekundu. Salvatori alikuwa amegundua namna ya kukadiria wingi wa chakula cha samaki ziwani kwa kuupima wekundu huo, na vipimo vyake vyote vilikuwa vimebaki Bujumbura katika ofisi iliyochomwa moto. Angeweza kuwaonyesha jambo lenyewe tu. Mtaliano mmoja alikuwa amekuja na leza ya buluu, fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga akatutengenezea tangi refu la vioo vya dirisha, na ofisi ya samaki wakatuazima boti kwa asubuhi moja, tukiwa na askari, kwa sababu mkimbizi hakuruhusiwa ziwani peke yake. Tulikwenda mbali, maji yakawa ya buluu iliyokolea. Salvatori alivuta wavu wake mwembamba, akakamulia kwenye dumu, akavuta tena, askari amelala, hadi dumu likawa na maji ya kijani kama juisi ya majani. Wakati tunarudi ofisi ya samaki walikuwa wanatusubiri bandarini wachukue boti, likapokee watu waliokuwa wanavuka. Salvatori alilibeba dumu hadi nyumbani mwenyewe, amelikumbatia kama mtoto mchanga, akaliweka bafuni penye ubaridi na kulifunika gunia bichi.

Chakula cha jioni ile nakikumbuka kuliko hotuba zote. Wageni walikaa mkekani sebuleni, magoti yakiwasumbua, wakila samaki aina ya kuhe wa kukaanga na sombe ya majani ya muhogo, na wakibishana kwa Kiingereza na Kifaransa juu ya mwanga unavyotawanyika. Bi. Mwajuma alipita katikati yao akiwaongezea wali bila kuwauliza. Mtaliano alisema maji ya ziwa hili ni safi kuliko maabara yake. Profesa Kiango akasema usafi hauna faida kama hauwezi kupimwa. Salvatori alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akasema kesho atawaonyesha kwamba ziwa si safi hata kidogo, limejaa uhai. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama Mwajuma, kesho uje ukumbini. Uone ziwa lenu linavyowaka." Bi. Mwajuma akasema atakuja na chai, na kwamba ziwa likiwaka moto yeye hana ndoo za kutosha.

Kesho yake zamu ya Salvatori ilikuwa ya mwisho. Ndani ya ukumbi palikuwa na giza na joto, harufu ya mablanketi na ya watu wazima waliooga kwa ndoo. Leza ya Mtaliano ilinguruma pamoja na jenereta la nje. Nilikuwa nimesimama kando ya tangi, nimeshika kurunzi, kwa hiyo nilikuwa karibu naye alipofungua dumu. Maji yaliyokuwamo hayakuwa ya kijani. Yalikuwa meupemeupe, kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu ya klorini ikapanda hadi machoni. Salvatori alisimama dumu likiwa mkononi. Kisha akamimina, nadhani kwa tumaini lile ambalo mtu analo hata baada ya daktari kusema hakuna la kufanya. Leza ikawashwa. Mwali wa buluu ukaingia upande mmoja wa tangi na ukatokea upande wa pili, mnyoofu, mzuri, na buluu vilevile. Wekundu haukuwepo. Tukangoja. Profesa Kiango akauliza kutoka gizani, kwa upole, "Bwana Salvatori, hiyo nyekundu iko wapi?"

Wakati huo mlango ulikuwa umefunguka kidogo na Bi. Mwajuma alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe, amevaa kanga mpya, anatabasamu kwa kiburi cha mzazi siku ya mahafali. Nyuma yake walikuwepo majirani wanne au watano aliowaalika kwa hiari yake. Salvatori aliangalia mlangoni. Akaangalia tangi. "Nimeandaa vibaya," alisema. "Kosa ni langu. Samahani kwa muda wenu." Akazima leza, akaenda kukaa. Mtu mmoja alikohoa. Kisha tukanywa chai.

Jikoni, tukiosha vikombe, Bi. Mwajuma aliniuliza mbona kijana wa watu kakaa kinyonge vile. Kabla sijajibu akaendelea na habari nyingine. "Halafu Mwalimu, mwambie. Lile dumu lake la bafuni nimelitilia dawa jana usiku. Nimetia vifuniko vingi, maana yalikuwa kijani yale maji, sijapata kuona. Maskini, ameshazoea maji ya kambini, anayanywa hivyohivyo! Angetuugulia hapa mbele za wageni." Nilimwangalia, mikono yake imo ndani ya povu, nikachukua kikombe kingine nikakifuta. Siwezi kusema nilimkasirikia yeye. Hakuna mtu mwingine katika dunia nzima, nadhani, ambaye angeharibu jaribio la leza kwa namna ile, na hakuna ambaye angekuwa na haki zaidi.

Salvatori nilimkuta ukumbini anakunja mablanketi. Nikamwambia anajua ni dawa ya nani, nami najua, basi twende kwa Profesa sasa hivi tukamweleze. Ni jambo la dakika moja, ataelewa. Nilikuwa na hasira, nakiri, tena hasira ya kijana anayeamini kwamba ukweli ukisemwa mambo hukaa sawa. Yeye aliendelea kukunja.

"Uliwaona wale waliokuja naye?" aliniuliza.

"Majirani. Wanamwaga maji yake kila siku."

"Ego, kweli. Ndiyo maana aliwaleta. Waone watu wakubwa nyumbani kwake, wamheshimu." Akaweka blanketi juu ya jingine, pembe kwa pembe. "Mimi nisimame niseme: dawa ya mama huyu imeua kila kitu kilichokuwa hai katika maji yangu. Wasomi wataelewa. Na wale wa mlangoni wataelewa nini, Mwalimu?"

Nikasema tungeweza kumwambia Profesa pembeni, kwa siri.

"Profesa atamwambia Mtaliano. Mtaliano atamuuliza mama kwa kucheka, mezani, kama hadithi nzuri. Ni hadithi nzuri, si ndiyo?" Kisha akasema, bila kubadili sauti, "Kambini nilizika mtoto wangu wa kike kwa ajili ya maji. Mtungi wetu haukuwa na dawa kwa sababu mke wangu alisikia maneno kama haya ya hapa. Usimwambie mtu." Nikaahidi. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba alikuwa na mtoto, na nilitaka kulia, lakini yeye alinipa pembe mbili za blanketi nimsaidie kukunja, kwa hiyo nikakunja.

Nafasi alipewa kijana kutoka Morogoro aliyewasilisha kitu kuhusu lenzi. Siku ya treni tulikwenda stesheni kuwaaga, mimi na Bi. Mwajuma aliyebeba migebuka mikavu iliyofungwa kwenye magazeti, ya Profesa. Salvatori alibaki nyumbani akisubiri lori lake la kesho. Profesa Kiango alipokea samaki kwa mikono miwili, akashukuru, akanivuta kando kidogo, ingawa si mbali. "Yule Mrundi," alisema. "Nilisikia harufu ya klorini hadi pale nilipokaa. Nikamsubiri aseme. Angesema tu kwamba sampuli imeharibika, ningempa nafasi palepale, maana kichwa anacho. Lakini mtafiti ambaye hanusi kitu kilicho chini ya pua yake, nitamwachiaje mashine?" Bi. Mwajuma alikuwa amesogea. "Harufu gani?" akauliza. Profesa akanitazama. Nilihesabu ahadi yangu upande mmoja na nyumba yenye mlango upande wa pili, na bado sijui mzani ule ungelala wapi kama filimbi ya treni isingepigwa. "Ya samaki wako, Bi. Mwajuma," nilisema. "Profesa anaisifu." Alifurahi sana. Profesa akapanda.

Nimeifikiria safari ile ya kurudi Ujiji mara nyingi kuliko inavyostahili. Sijilaumu. Nilipewa kitu nishike, nikakishika. Lakini nilimchukia Profesa njia nzima, halafu Bi. Mwajuma, halafu Salvatori mwenyewe, kila mmoja kwa zamu, na tulipofika nyumbani sikuwa nimebakiwa na mtu wa kumchukia.

Salvatori alikuwa barazani. Bi. Mwajuma hakumpa hata nafasi ya kusimama vizuri. Alichukua chupa na kifuniko, akamwambia nyumba ya pili kumehamia Warundi, mama na watoto, wamefikia kwa ndugu zao kabla ya kupelekwa kambini, na tangu juzi wamekataa dawa katakata. Yeye Kiha chake hakiwatoshi kwa maneno marefu. "Njoo unisemee, mwanangu. Wewe msomi, watakusikiliza." Tukaenda wote watatu. Mama yule alikuwa kijana, ana mtoto mgongoni na mwingine kwenye sketi, na alisimama mbele ya mtungi wake kama anayelinda mlango. Majirani wakajisogeza, walewale wa ukumbini. Salvatori alizungumza naye kwa Kirundi, taratibu, naye akajibu kwa ukali, na baadhi ya wasikilizaji wakatikisa vichwa kukubaliana na mama. Mwishoni aliuliza swali moja ambalo hata mimi nililielewa, kwa sababu alilisema huku akinyoosha kidole kwenye chupa. Wewe mwenyewe, uliyesoma, hujawahi kuona dawa hii ikiua kitu?

Bi. Mwajuma alikuwa anamtazama usoni, chupa mkononi, anangoja.

"Oya," Salvatori alisema. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Hapana. Sijaona."

Akaichukua chupa, akapima, akatia kwenye mtungi wa mama yule, akakoroga. Akateka kikombe, akanywa chote mbele yetu, akakirudisha. Mama aliangalia kikombe kitupu, akamwangalia yeye, na baada ya kitambo akasogea pembeni ya mlango, akamwonyesha Bi. Mwajuma ndoo iliyokuwa ndani.